Nakuru: Mahali pa Vumbi, Mahali pa Maji

WAMAASAI ndio walioipa Nakuru jina lake, na yasemekana maana yake ni mahali pa vumbi. Mimi niliyasadiki maneno hayo siku nilipopelekwa huko kwa mara ya kwanza na walimu wangu, katikati ya miaka ya 1990. Ziwa lilikuwa limekauka likakaribia kwisha. Tulisimama juu ya tope lililopasukapasuka, na kila upepo ulipovuma uliinua vumbi jeupe la magadi likatuingia machoni na midomoni. Wale ndege tulioahidiwa hatukuwaona ila wachache, tena kwa mbali. Tulirudi shuleni tumepauka kama wasagaji wa unga.

Nilifika tena mwaka 2021, na nusura nisipatambue. Migunga iliyokuwa kivuli cha watalii ilikuwa imesimama ndani ya ziwa, mikavu, haina hata jani moja. Lango kuu la zamani la mbuga, pamoja na ofisi zilizokuwa karibu yake, lilikuwa limemezwa na maji.

Je, msomaji, Nakuru ya kweli ni ipi? Ile ya vumbi au hii ya maji? Swali hili halikunijia kwa udadisi tu. Mjomba wangu alinunua kiwanja karibu na ziwa wakati wa ukame wa mwaka 2009, na miongoni mwa waliompongeza kwa bahati hiyo, mimi nilikuwamo.

KITABU CHA MAWE

Anayetaka jawabu na aanze safari yake mbali kidogo. Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu, ardhi hukatika ghafula mbele yako, na chini yake Bonde la Ufa likalala wazi kama mkeka uliotandikwa. Mwingereza mmoja, mtaalamu wa miamba aitwaye John Walter Gregory, alifika hapa mwaka 1893 na kueleza kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto. Ardhi yenyewe ilipasuka, kingo mbili zikavutwa huku na huku, na sehemu ya katikati ikadidimia. Moto wa chini ukapata njia, ndiyo maana pande hizi zimejaa milima ya volkeno kama Longonot na Menengai.

Kwa sababu ya kudidimia huko, maziwa ya Nakuru na Elmenteita yamo kama maji ndani ya bakuli. Mito huingia, lakini hakuna unaotoka. Njia pekee ya maji kuondoka juu ya ardhi ni kupaa kwa jua, na yanapopaa huiacha chumvi na magadi nyuma. Kwa hiyo mvua ikizidi, bakuli hujaa. Ikipungua, bakuli hukauka. Ziwa Nakuru si la kina kirefu. Katika miaka mingi ya kawaida hakikufika mita 3, na ardhi inayolizunguka ni tambarare. Maji yakipanda kidogo tu kwenda juu, huenea mbali sana kwenda kando.

Ushahidi wa mambo haya umeandikwa katika mawe. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, Louis Leakey alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1920 akapata mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine ya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Jirani na hapo kuna machimbo ya jiwe jeupe, laini kama chaki, jepesi mkononi. Jiwe hilo ni magamba ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iliyoishi majini, ikafa, ikazama tabaka juu ya tabaka. Leo unasimama mahali pakavu, lakini chini ya viatu vyako ni sakafu ya ziwa.

Wala si lazima kurudi nyuma sana. Yapata miaka 10,000 iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja kubwa, na maji yake yalisimama karibu mita 180 juu ya usawa tunaoujua sisi. Sehemu kubwa ya mahali ulipo mji wa Nakuru leo, na soko lake, na stesheni yake ya reli, ilikuwa chini ya maji.

NDEGE WANAOHAMA

Kuna viumbe wanaozijua tabia za ziwa hili kuliko sisi, nao ni heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Heroe mdogo hula mwani uitwao spirulina, ambao hustawi katika maji makali ya magadi. Huinamisha kichwa, akageuza mdomo juu chini, akachuja maji kwa ulimi. Rangi yake ya waridi hutokana na chakula hicho. Kwa ajili ya ndege hawa Nakuru ilitengwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968, na mwaka 2011 ziwa hili pamoja na Bogoria na Elmenteita yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini heroe hajafungwa kamba hapo. Ziwa likikauka, chakula hwisha. Likijaa mno, magadi huzimuka, mwani hupungua, na ndege huruka usiku kwenda Bogoria, penye chemchemi za maji yanayochemka, au kwingineko. Kuzaa huzalia mbali kabisa, Ziwa Natron huko Tanzania. Maji yalipoongezeka Nakuru, mamia ya maelfu ya heroe tuliozoea kuwaona katika picha walitawanyika, na mahali pao wakaonekana zaidi wala samaki kama mwari na furukombe. Hata samaki hao wana kisa chao, kwani perege wa kwanza waliletwa na watu kutoka Magadi, kuanzia miaka ya 1950, ili wale viluwiluwi vya mbu.

Heroe, basi, hana hati ya kiwanja. Ziwa linapobadilika, naye huhama. Binadamu ndiye apigaye vigingi.

MAJI YALIPOGEUKA

Ziwa lilianza kupanda mwaka 2010, baada ya ule ukame, na katika miaka kumi iliyofuata eneo lake lilipata karibu mara mbili ya lile la mwanzo. Wala si Nakuru peke yake. Naivasha liliingia mtaa wa Kihoto mwaka 2020. Baringo lilifunika shule, zahanati na hoteli, hata watu wakahofu kwamba maji yake baridi yangekutana na yale ya magadi ya Bogoria. Wataalamu walitaja kwanza mvua zilizoongezeka, kisha udongo unaoletwa na mito kutoka nyanda zilizokatwa misitu, hasa upande wa Mau, na wengine wakataja miendo ya ardhi yenyewe. Mto Njoro, ambao hulisha ziwa hili, hushuka kutoka huko huko Mau.

Mtaa wa Mwariki na majirani zake waliipata shida hiyo milangoni. Mjomba alinieleza jinsi ilivyokuwa kwake. Ziwa si mto, halikuja na kishindo. Kila jioni alichomeka kigingi ukingoni mwa maji, na kila asubuhi alikwenda kukitazama. Siku nyingine maji hayakusogea, naye akarudi akinywa chai kwa furaha. Siku nyingine yalikipita kwa hatua mbili. Kwanza yalichukua shamba la sukumawiki. Kisha choo kilijaa. Mwaka 2020 yalifika kizingitini, na mjomba akapanda juu ya paa kung'oa mabati kwa mkono wake, kwa maana mabati ndiyo pekee aliyoweza kuhama nayo.

Nilipomtembelea katika chumba alichopanga, sikujua pa kuanzia. Nikasema, "Mjomba, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuambia ununue."

Akacheka kidogo. "Mpwa wangu, wewe uliona nchi kavu, nami niliona nchi kavu. Aliyeniuzia naye aliona nchi kavu. Nani angebisha?"

Kesho yake nilimchukua tukaenda Hyrax Hill, kilima cha pimbi, kilicho kando ya barabara ya Nairobi, kilomita chache tu kutoka katikati ya Nakuru. Hapo Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, akafukua makaburi na makao ya watu walioishi nyakati mbalimbali, na ufuo wa ziwa la kale ukatambuliwa chini ya kilima hicho. Kuna mashimo mapana yanayodhaniwa kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na juu ya mwamba kuna bao lililochongwa, mashimo yake yamepangwa safu safu kama ya mabao yetu.

Tulipopanda juu, ziwa lilionekana lote likimeta kwa mbali. Nikamwonyesha mjomba ufuo ule wa kale ulipo, kisha maji ya leo yalipo. Alitazama huku, akatazama kule, akakaa kimya kitambo. Halafu akaketi karibu na lile bao, akatia kidole katika shimo moja.

"Mimi nilipima kwa vigingi vya jioni moja," akasema. "Kumbe kipimo kilikuwa hapa siku zote, kilomita chache kutoka kwangu, na sikuwahi kulipa nauli kuja kukiona."

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Nakuru, ambayo ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, inazidi kupanuka, na viwanja vinazidi kutafutwa. Anayetaka kununua karibu na ziwa asiulize tu mahali ni pakavu leo. Aulize maji yaliwahi kufika wapi, tena awaulize wazee na mawe, si muuzaji peke yake.

Kwa maana vumbi nalo litarudi. Bakuli likishajaa hukauka, ndivyo lilivyofanya tangu zamani. Siku hiyo nchi iliyo chini ya maji itaonekana tena, nyeupe, tambarare, tupu, na asubuhi yake atatokea mtu amebeba kamba na vigingi.