Mwenye Haya Naye Ana Lake

Wapo wanaodhani kijana hupenda riwaya inayomhusu kijana mwenzake kwa kuwa ni nyepesi kusoma. Sababu ni nyingine. Kinachomvuta, hasa akiwa mwenye haya, ni kwamba ndani ya riwaya ukimya una maneno. Darasani, asiyenyoosha mkono huhesabiwa kuwa hajui. Mwandishi humwingia kichwani mtu huyo huyo, na hapo tunaona kwamba yule aliyeinamisha macho amekwisha kutambua nani anadanganya, nani anaogopa, na nani anawacheka wenzake ili asije akachekwa yeye.

Kwa mwanafunzi wa Piana-Mwanga, katika jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jambo hili lina uzito wa pekee. Akitoka kalasi ya sita ya msingi anaingia ya saba na ya nane, kisha miaka minne ya humanité hadi mtihani wa taifa, ule Exetat unaowakosesha watu usingizi. Sare ni zile zile, nyeupe juu na bluu chini, ila lugha inambana zaidi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini masomo ya sekondari hutolewa kwa Kifaransa. Mtoto anayesimulia kisa mpaka majirani wakavunjika mbavu hujikuta ameketi akipanga sentensi kimoyomoyo, anakagua kitenzi, anarudi kukagua kama nomino ni ya kike au ya kiume. Kabla hajaridhika, mwalimu amekwisha kumpa nafasi mwingine. Nyumbani wataambiwa kwamba mtoto wao ana haya.

Haya, basi, mara nyingi hutengenezwa, na sijui kitabu cha Kiswahili kinachoonyesha utengenezaji huo kwa ukali kuliko Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Rosa anatoka Namagondo, kisiwani Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Barua aliyoandikiwa na kijana Charles inapogunduliwa, Zakaria, baba yake Rosa, anampiga binti yake vibaya. Tangu hapo mvulana akimkaribia Rosa, hofu inamjaa, na hofu hiyo anaibeba hadi shule ya sekondari ya wasichana. Anayemwona kwa nje angesema huyu ni binti mwenye adabu. Msomaji anajua zaidi: hakufundishwa kuchagua, alifundishwa kuogopa tu, na siku woga unapomtoka hana kingine cha kumwongoza. Anaharibikiwa shuleni, anaendelea kuharibikiwa katika chuo cha ualimu Morogoro, na mwisho anajiua.

Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania, na hoja ya waliokikataza si ya kubezwa. Mzazi aliyejinyima alipe minervali, yaani karo ya shule, ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto wake asome habari za ulevi, ngono na utoaji mimba. Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba msomaji huiga kila anachokisoma, na Rosa hapewi raha ya kumfanya mtu atamani kumwiga. Anayepaswa kushtuka zaidi ni Zakaria. Pengine ndiyo maana wakubwa walikerwa, ingawa hapo nakisia.

Hoja nyingine ina nguvu zaidi kwangu: kwamba kupenda riwaya ya mtu anayefanana nawe ni kujitazama kwenye kioo, na kioo hakimwongezei mtu elimu. Ingekuwa hivyo, Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, isingependwa mbali na Tanga. Kongowea Mswahili ni mwana wa mwimbaji wa taarabu, mpweke, anayevuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Wengi waliomshangilia hawakuwahi kuiona Tanga wala kumsikia mwimbaji wa taarabu ana kwa ana. Vivyo hivyo L'Enfant noir ya Camara Laye, ya mwaka 1953: kijana anaacha Kouroussa na kwenda kusoma Conakry, na vizazi vya wanafunzi wa nchi zinazotumia Kifaransa wamesafiri naye. Msomaji huanza kwa kufanana na mhusika, lakini hulazimika kukaa na mambo asiyofanana naye. Aliyezoea kujiona peke yake ndiye mwenye aibu anamkuta mwingine, wa dini nyingine na chakula kingine, anayetafuta maneno kama yeye.

Wengine watasema Kiswahili cha Kezilahabi na Walibora si kile cha Kalemie, mji mkuu wa jimbo la Tanganyika. Ni kweli, na yapo maneno yatakayomkwamisha msomaji wa huku, hasa kurasa za mwanzo. Lakini kukwama kitabuni hakufanani na kukwama darasani. Neno asilolijua anaweza kuliruka, akalikuta tena mbele likiwa limejieleza lenyewe, au akarudi nyuma kulitazama upya kwa muda apendao, bila ya macho arobaini kumgeukia.