Ramani Kwanza, Kompyuta Baadaye

Fundi wa mashua wa pwani yetu hana ramani ya karatasi, wala haihitaji. Huanza na mkuku, kisha mataruma, kisha mbao, na kila kipande hupata mahali pake kwa kuwa kazi nzima imo kichwani mwa mtu mmoja. Lakini mashua ikiundwa na mafundi kumi wasioonana, huyu akaleta mlingoti, yule foromali, wa tatu tanga, pasipo kuulizana vipimo, je, itafika mbali?

Ndivyo ilivyo katika ofisi nyingi za serikali za mitaa zinapoanza kutumia kompyuta. Idara ya afya huletewa mfumo wake, idara ya fedha wake, na ardhi wake. Kila mmoja ni mzuri peke yake. Lakini jina la mtu yule yule huandikwa mara tatu, kwa maandiko matatu mbalimbali, na hakuna ajuaye lililo sahihi.

Dawa ya maradhi haya huitwa usanifu wa taasisi, yaani kuchora ramani ya ofisi nzima kabla ya kununua chochote. Mwaka 1987 Mmarekani John Zachman alitoa makala mashuhuri juu ya jambo hili. Ramani ya namna hii kwa kawaida ina tabaka nne. Ya kwanza ni kazi: ofisi yafanya nini, na kwa ajili ya nani? Ya pili ni habari: ni zipi zinazotakiwa, na nani mtunzaji wake? Ya tatu ni programu. Ya nne ndiyo mashine, umeme na mtandao. Angalia, msomaji, kwamba mashine zimekuja mwisho. Wengi huanza nazo.

Tanzania yatupa mfano. Zamani halmashauri ziliandaa bajeti katika mfumo uitwao PlanRep, na hesabu zikatunzwa katika mfumo mwingine. Mwaka 2017 PlanRep ilizinduliwa ikiwa imesukwa upya, itumike kwa njia ya mtandao na isomane na mifumo ya hesabu, pamoja na ule wa zahanati na shule. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao, iliyoanzisha mamlaka ya kusimamia viwango ambavyo taasisi za umma zapaswa kuvifuata.

Msumbiji nayo ilipitisha mkakati wa serikali ya kielektroniki mwaka 2006. Lakini mkakati hupimwa mwisho wa njia, na kisiwa cha Vamizi, wilayani Palma, ni kipimo kizuri. Tuseme mvuvi wa huko ataka leseni ya chombo chake na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Avuke bahari mara ngapi? Ofisi zikisomana, safari moja yaweza kutosha. Zisiposomana, kila dirisha litamdai karatasi iliyo katika dirisha la pili, naye atalipa kwa siku za kuvua.

Tena kuna jambo zito zaidi. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kushambuliwa mwezi wa Machi 2021, watu wengi wa Cabo Delgado walikimbia makwao, na wengi wakapoteza hati zao. Hapo ndipo tabaka la pili huonekana thamani yake: daftari linatunzwa na nani, nakala yake iko wapi, na nani ana ruhusa ya kuisoma? Kompyuta ikiungua hununuliwa nyingine. Daftari lisilo na nakala halinunuliki. Na orodha ya majina ikiangukia mikono mibaya, huwa hatari kwa wenye majina.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi enyi wanafunzi mtakaoajiriwa maofisini, nanyi wenzetu wa zamani ambao leo mwaketi katika mabaraza, muuzaji wa mfumo akija mwulizeni matatu kabla ya kutia sahihi: Utafanya kazi gani yetu? Utasomana na mifumo ipi tuliyo nayo? Na siku tutakapoachana nawe, habari zetu tutazichukuaje? Asiyeweza kujibu, na arudi na mashine zake.