Majirani Wanakuona Mpaka Ndani ya Sufuria? Soma Hii Kabla Upande Fensi

Mathe alijinyima miaka mingi akanunua ploti ya 50 kwa 100 upande wa Kitengela, akajenga, akasema sasa ameachana na kelele za landilodi. Kabla rangi ikauke vizuri, ploti ya jirani ikaota ghorofa. Mathe akianika nguo, kuna mse huko juu kwa balkoni anavuta sigara akimhesabia mablanketi. Ikafika mahali nguo za ndani anaanika bedruumu. Mtu yuko kwa nyumba yake, title iko kwa kabati, lakini anaishi kama amejificha.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka koleji kabla nimalize, niko tu kwa kochi, so kazi ya kupanda fensi ikanipata. Nikaenda kwa wale wa miche kando ya barabara nikabeba saipresi, juu ndio niliona ikikaa fiti Limuru. Nusu ilikauka. Ile ilibaki nikaiacha ipae bila kuiguza, nikidhani nimeomoka. Miaka mitatu baadaye ilikuwa imenipita urefu, lakini chini ilikuwa miguu mitupu. Kuku, mbwa na macho ya watu vilipita hapo bila shida.

Wewe usirudie. Iwe unapanda kwako, ama mathe amekutumia fuliza ya kazi huko ushago, rada ni hii.

Jua kwanza ni nani anakuona

Mse anapita barabarani na mse wa ghorofa ya tatu si shida moja. Wa barabarani, fensi ya futi sita inamtosha. Wa ghorofani anaangalia kutoka juu, na hata ukipanda ya futi kumi kwa mpaka bado anakuona ukiosha vyombo.

Huyo wa juu, ujanja ni kuleta mti karibu na wewe. Hebu inua kidole karibu na jicho, kinaficha jengo zima. Kipeleke mbali, jengo linatokea. Mti ni vile vile. Kishada cha mianzi hatua mbili kutoka kwa kamba ya nguo kitakusaidia kuliko mstari mzima wa miti huko mwisho wa ploti. Lakini uliza muuzaji kama ni ile mianzi inakaa kwa kishada. Kuna ingine inatambaa chini ya udongo, utaishtukia imetokea kwa jirani, na hapo ni kesi.

Panda kitu inapenda kwenu

Saipresi inapenda baridi na mvua, ndio maana Limuru na Kinangop inang'aa. Kwa joto na ukame inateseka, na ikidhoofika wadudu wanaimaliza. Kuna kadudu ka saipresi kaliingia Kenya 1990 kakakausha miti mingi sana.

Kama kwenu ni kukavu, ongea na kaiyaba, ile wengi tunaita michongoma. Asili yake ni Afrika Kusini, inavumilia jua, na miiba yake ni mirefu ya kutosha kumfanya mwizi akumbuke kwao. Unajua ile ya kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma? Basi. Tena inazaa matunda ya manjano, chachu, watu hupika jamu nayo. Ubaya ni kwamba inataka subira. Hesabu miaka miwili ama mitatu ndio ifunge vizuri.

Bogenvilia pia inapenda jua, ina miiba na maua ya kupiga nayo picha. Inataka kushikiliwa na waya mwanzoni, halafu makasi kila mara, la sivyo inalala kwa njia ya watu.

Na kama umepanga na huwezi kupanda kwa udongo wa mwenyewe, chukua mtungi wa lita 20, toboa chini, panda pashen, uielekeze kwa grili ya balkoni. Ukimwagilia bila kusahau, utapata pazia na juisi.

Angalia watoto

Manyara inashika haraka, unavunja tawi unadunga chini, imemaliza. Lakini yale maziwa yake meupe yakiingia kwa macho ni moto, na yanaweza kumfanya mtu asione kwa muda. Ikitokea, osha na maji mengi safi mara moja na uende hospitali, usingoje kesho. Ukiikata, vaa miwani na glavu. Duranta nayo ni smati ikipunguzwa, lakini vile vitunda vyake vya manjano ni sumu, na mtoto ataviona kama peremende. Kama kuna watoto wa kutambaa kwa boma, chagua kitu ingine.

Hesabu ya miche

Ploti ya 50 kwa 100 ina mzunguko wa futi 300. Kaiyaba hupandwa karibu futi moja moja, so ni kama miche 300, toa nafasi ya geti. Kama doh haitoshi, anza na upande mmoja, ule unakunyima usingizi. Panda mvua ikianza, Machi au Oktoba, ndio isikugharimu maji ya bowza. Na usipande juu ya mpaka. Tafuta bikoni, ingia ndani hatua moja, ndio uweze kukata pande zote bila kuomba jirani ruhusa.

Siri iko kwa makasi

Hapa ndio nilianguka. Ukitaka fensi nzito, ikate ikiwa bado fupi. Mche ukifika magotini, kata ncha. Unaona kama unajirudisha nyuma, lakini ukikata juu, matawi ya pembeni yanaamka na chini inajaa. Ikiongezeka kidogo, kata tena. Chini iache pana kuliko juu, ndio jua lifike mpaka kwa majani ya chini.

Saipresi haina msamaha kwa hii. Ukiichelewesha halafu ukate mpaka kwa mti mkavu wa ndani, hapo haichipuki tena. Shimo linabaki shimo. Ndio maana zangu niling'oa zote nikaanza upya.

Saa hii tuko na kaiyaba, mwaka wa pili, kwa tuta lililoinuliwa kidogo juu ule udongo mweusi hushika maji. Inanifika kifuani. Imekatwa mara nne, na kila mara mathe alinipigia kelele ati naiharibu. Mianzi iko kando ya kamba. Mse wa sigara bado yuko, lakini sasa anaangalia majani.

Jumapili iliyopita nilipata blanketi nje, shuka nje, na zile zingine pia nje. Sikusema kitu. Nilichukua makasi nikaenda kupunguza upande wa geti.