Mtoto Akigongwa Kichwa Uwanjani

Akina mama wengi tunajua la kufanya na goti lililochubuka. Tunachemsha maji, tunatia chumvi, tunaosha kidonda, na keshokutwa mtoto yuko tena mpirani. Lakini pigo la kichwa mara nyingi halina kidonda cha kuosha. Ndiyo sababu sisi wauguzi tunaojitolea kukaa na sanduku la huduma ya kwanza kwenye mechi za vijana hapa Morogoro tunaliogopa kuliko mguu uliovunjika.

Mtikiso wa ubongo ni nini?

Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo husukwasukwa, na kazi yake huvurugika kwa muda. Si lazima mtu azimie, wengi hawazimii. Picha ya eksirei haiuonyeshi mtikiso huo. Unaonekana katika mwenendo wa mtu, na mara nyingi wa kwanza kuuona ni refa.

Tujifunze kwa raga

Raga haichezwi sana kwetu kama inavyochezwa kwa jirani zetu wa Kenya, lakini sheria yake inafaa kuigwa. Mchezaji anayeshukiwa kuwa na mtikiso wa ubongo hutolewa mara moja, wala harudi katika mechi hiyo. Angalia neno hilo: anayeshukiwa. Refa hangoji uhakika. Aweza kumtoa hata kama hakuna daktari, na hata kama kijana mwenyewe anaapa kuwa ni mzima. Ni katika mechi kubwa tu, zenye madaktari waliofunzwa, ambapo mchezaji mwenye dalili zisizo wazi hupelekwa pembeni kupimwa kwa dakika 12.

Kwa nini ukali huo? Mwaka 2011, huko Ireland Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa kichwa zaidi ya mara moja katika mechi ya shule. Aliendelea kucheza, akaanguka, na siku chache baadaye akafariki. Ubongo ambao haujapona pigo la kwanza ukipigwa tena, waweza kuvimba ghafla.

Kandanda nayo ina hatari hiyo. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani, akarudi kucheza, kisha akamwuliza refa Nicola Rizzoli kama ile ilikuwa fainali! Refa aliwaarifu wenzake, naye akatolewa. Tangu Julai 2024, sheria za kandanda zinaruhusu mashindano kutenga nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji aliyepata mtikiso.

Refa wa kijijini afanyeje?

Apige filimbi bila kungoja mpira utoke. Amtazame kijana: Je, analala bila kujongea? Anayumba? Macho yamekodoa? Amuulize maswali mepesi: Tuko uwanja gani? Ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga bao la mwisho? Akikosea, au akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, atoke. Watazamaji watapiga kelele kwamba mwanamume havunjiki moyo. Waache wapige.

Akiumwa shingo au akizimia, asiinuliwe wala kuketishwa, isipokuwa na watu wanaojua, au kama hapumui vizuri. Tuache pia desturi ya kummwagia maji. Hayatibu kitu.

Hatari za milimani

Kule Mgeta, Matombo au Kinole, watoto hurudi nyumbani kwa njia za mteremko. Kijana aliyegongwa kichwa asiachwe ashuke peke yake. Asipandishwe bodaboda akiwa peke yake na dereva, kwani akisinzia ataanguka. Mtu mzima afuatane naye na kumweleza mama, au mjomba wake, yaliyotokea.

Nyumbani, mtu akae naye siku hiyo na usiku wake. Apelekwe hospitali upesi akitapika mara kwa mara, akiumwa kichwa kinachozidi, akipata degedege, akiwa vigumu kuamshwa, akilegea mkono au mguu, au akitoka damu au majimaji sikioni. Usimpe aspirini, maana huzidisha damu kuvuja.

Zisipokuwapo dalili hizo, apumzike siku moja au mbili, kisha arudie kazi nyepesi na masomo kidogo kidogo. Mpira ungoje. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 unasema asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, na hata hapo awe hana dalili yoyote.

Akina mama, tusingoje ajali. Kabla ya mechi ijayo, tumwendee mwalimu wa michezo au kiongozi wa vijana, tumwulize: refa akimtoa mtoto wetu kwa ajili ya kichwa, nani atamsindikiza nyumbani? Na refa huyo akizomewa, sisi tuwe wa kwanza kumshukuru.