Kishoka cha kutu chenye alama ya mshale

Katika soko la Deptford, kusini mashariki mwa London, vyuma vikuukuu hubadilisha mikono bila ya mtu kuuliza vimetoka wapi.

Chini ya meza moja tuliokota kishoka. Mpini umeoza, kichwa chekundu kwa kutu.

Muuzaji alitushauri tukipige msasa wa mashine king'ae. Bahati nzuri hatukumsikiliza.

Kitambulisho chini ya kutu

Tulikiloweka kichwa katika siki usiku kucha. Asubuhi tukakisugua kwa brashi, tukakiosha, tukakikausha na kukipaka mafuta.

Yakajitokeza maandishi: Elwell, mshale mdogo, na mwaka 1943.

Edward Elwell alianza kufua zana mjini Wednesbury, katikati ya England, mwaka 1817. Si mbali na hapo ni Wolverhampton, yalikotoka majembe ya Chillington yenye chapa ya mamba, ambayo wakulima wengi wa Afrika wanayafahamu.

Mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Kumbe kishoka chetu kilifuliwa kwa ajili ya serikali wakati Vita vya Pili vya Dunia vimepamba moto.

Msasa wa mashine ungefuta habari yote hiyo.

Makali na mpini

Hatari nyingine ya mashine ni joto. Makali yakigeuka rangi ya buluu, chuma kimelegea na hakikai tena na makali. Sisi tulitumia tupa, kisha jiwe la kunolea na maji.

Nyumbani, mashoka mengi ya wahunzi huchomekwa ndani ya mpini. Hapa ni kinyume: mpini ndio unaoingia katika tundu la shoka, ukakazwa kwa kabari ya mbao.

Tahadhari

Sheria ya mwaka 1988 inakataza kubeba hadharani kitu chenye makali bila sababu ya msingi katika England na Wales. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 4.

Kwa hiyo ukinunua, kifunge vizuri, tunza risiti, na uende nacho moja kwa moja nyumbani.

Kwa miaka mingi shirika la Tools for Self Reliance, karibu na Southampton, limekarabati zana kama hizi na kuzipeleka kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwemo.

Chetu kinangoja safari yetu ijayo. Fundi seremala wa mtaani kwetu ameshakiulizia mara mbili.