Funguo Pekee Hazitoshi

Siku ya makabidhiano, mwalimu mkuu anayeondoka huweka mezani funguo, mhuri, daftari la mali na vitabu vya hesabu. Anayeingia huhesabu madawati, hutia sahihi, kisha bodi hunywa chai. Jumatatu anabisha hodi mzazi aliyekubaliwa kulipa karo kidogo kidogo, na hakuna karatasi inayosema hivyo. Ijumaa hakuna ajuaye zamu ya kuongoza ibada ni ya nani. Hayo yote aliyeondoka aliyabeba kichwani.

Shule ya Kilutheri huumia zaidi, kwa sababu mkuu wake hushika masomo na malezi ya imani kwa pamoja. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri nchini Kenya, lililochipuka kutokana na kazi ya wamisheni wa Uswidi huko Itierio, Kisii, mwaka 1948, linafadhili shule za umma pia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humpa mfadhili viti vitatu katika bodi. Hata hivyo, anayemteua na kumhamisha mkuu ni Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, kutoka ofisi zake za Upper Hill. Mwaka 2018 tume hiyo iliwahamisha wakuu wengi nje ya maeneo ya kwao. Barua ya uhamisho ikishafika, kanisa halina muda wa kumfundisha mgeni desturi za nyumba.

Hapo ndipo ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora wa shule, inapofaa. Usajili ni ruhusa ya kufungua mlango; ithibati hurudiwa kila baada ya miaka kadhaa. Walimu hujitathmini kwa maandishi, kiwango kwa kiwango, wakionyesha ushahidi. Kisha huja jopo kutoka shule nyingine, hukaa nyuma ya darasa, huzungumza na wanafunzi, na huacha mapendekezo ambayo shule inapaswa kuyajibu. Walutheri wa Sinodi ya Missouri, Marekani, wana mfumo wao, NLSA, wenye mzunguko wa miaka mitano; humo imani hupimwa pamoja na masomo. Hapa Nairobi, International School of Kenya, iliyo Peponi Road, ina ithibati ya mashirika ya CIS na Middle States. Rosslyn Academy, shule ya Kikristo iliyoanzishwa na Wamenoni Tanzania kabla ya kuhamia Nairobi, ina ya mashirika ya ACSI na Middle States.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni ya kibinadamu. Mkuu mpya anayebadilisha ratiba wiki ya kwanza huonekana anamkosoa mtangulizi wake, na walimu wakongwe humnunia. Pendekezo likiwa tayari kwenye ripoti, tena limeandikwa wakati wa yule yule mtangulizi, mgeni anamalizia kazi ya mwenzake. Ndiyo maana tathmini ifanywe mwaka mmoja kabla ya mkuu kustaafu, na asiiandike peke yake usiku ofisini. Mwalimu wa darasa la kwanza, mhasibu na mpishi waandike sehemu zao, maana wao ndio watakaobaki.

Shule ndogo ya mtaa wa Kawangware au Kangemi haimudu ada za mashirika ya ng'ambo. Lakini walimu wawili wa Kangemi wanaweza kupanda matatu hadi Kawangware, wakakaa siku mbili madarasani na katika ibada, wakaandika ripoti ya kurasa nne. Muhula ujao wenzao wa Kawangware wawatembelee.