Mwimbaji, Mkunga na Mtaalamu wa Kupe

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule aliisoma miaka michache tu, lakini mjini alijulikana kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji mkuu wa Bomba, kikundi cha ngoma cha wanawake. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza aliitembelea Tanganyika, akauliza wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru, wako wapi. Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na kikajikuta hakina jibu la kuridhisha. Ndipo akatafutwa Bibi Titi, akaingia TANU kwa kadi namba 16.

Hakuanza na mkutano wa hadhara. Alikwenda kwanza kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, michango yake, sare zake na kawaida ya kupashana habari kukiwa na harusi au msiba, hivyo neno lililomfikia kiongozi lilikuwa limewafikia wote. Kabla mwaka haujaisha, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekwisha kuandikishwa. Ilisaidia pia kwamba amri iliyowakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa haikuwagusa. Mwanamke aliyeuza maandazi au samaki hakuwa na mwajiri wa kumtisha. Wasomi wa chama walikuwa na hoja na katiba mkononi. Mtandao wa kuzifikisha nyumba kwa nyumba ulikuwa wa waimbaji.

Mwaka 1962 Bibi Titi akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake, na serikalini akapewa unaibu waziri. Kisha mambo yakageuka. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akachagua kuacha uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa huru. Kwa muda mrefu baada ya hapo jina lake lilisikika kwa nadra katika masimulizi rasmi ya Uhuru, mpaka sherehe za kutimiza miaka 30, mwaka 1991, zilipomrudisha mbele ya watu. Alifariki Johannesburg mwaka 2000. Leo mojawapo ya barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa Bibi Titi Mohamed, na wengi wanaoitaja kwa kondakta huenda hawajui kwamba mwenye jina aliwahi kufungwa.

Kwa upande wa fasihi, Grace Ogot wa Asembo, Nyanza, nchini Kenya, alisomea uuguzi Uganda na ukunga Uingereza kabla ya kujulikana kwa kalamu. Hadithi zake zilitokana na masimulizi ya Kijaluo aliyoyasikia utotoni, yenye matambiko, waganga na mvua iliyokataa kunyesha. Alipozipeleka kwenye ofisi ya uchapishaji jijini Nairobi, wahusika walishindwa kuelewa iweje mwanamke Mkristo aandike mambo kama hayo badala ya habari za wokovu. Hakuzibadilisha. Mwaka 1966 riwaya yake ya The Promised Land, kuhusu mume na mke wa Kijaluo wanaohamia Tanganyika kutafuta ardhi, ilichapishwa na East African Publishing House. Mwaka huohuo Flora Nwapa wa Nigeria alitoa Efuru, na wawili hao ndio wanaotajwa kuwa wanawake wa kwanza wa Kiafrika kuchapisha riwaya kwa Kiingereza. Baadaye Ogot aliandika pia kwa Kijaluo, akawa mbunge na waziri msaidizi.

Sayansi ndiyo iliyomtoa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri mwaka 1940. Baada ya kusomea biolojia Marekani alirudi Nairobi, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu, katika anatomia ya mifugo. Katika utafiti wake alikwenda vijijini kukusanya kupe wanaoeneza ndigana kali kwa ng'ombe. Huko akaona jambo lililomshughulisha kuliko kupe: ng'ombe wamekonda, malisho hakuna, na mito imejaa udongo uliosombwa na mvua kutoka milimani. Wanawake wa vijijini nao walilalamikia kuni na maji. Mambo hayo yote yalikuwa na chanzo kimoja, ukataji wa miti.

Tarehe 5 Juni 1977 miti saba ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement, harakati za Maathai za kupanda miti. Wataalamu wa misitu walitilia shaka uwezo wa wanakijiji kuotesha miche. Wanawake wakaokota mbegu za miti ya kienyeji, wakaziotesha kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, na kwa kila mche ulioshika wakalipwa kiasi kidogo cha fedha. Mpango wa kulipia mche uliopona badala ya mche uliopandwa ulikuwa na busara kubwa, kwa sababu ulimfanya mpandaji arudi kumwagilia. Kufikia mwaka 2004 miti ilipita milioni 30.

Vita vya Maathai vya siasa vinajulikana zaidi. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Alitukanwa bungeni, lakini wafadhili wakajitoa na jengo halikujengwa. Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004, ya kwanza kwa mwanamke wa Kiafrika, ilimkuta akiwa mbunge na waziri msaidizi wa mazingira. Habari zilipomfikia Nyeri, alipanda mti.

Tukio moja katika maisha yake lilitokea mwaka 1982. Alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge, akaenguliwa, na aliporudi kuomba kazi yake akaambiwa haipo tena. Mwaka 2010, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, chuo hichohicho kilianzisha taasisi ya amani na mazingira yenye jina la Wangari Maathai katika kampasi yake ya Upper Kabete.